Gari ya rimoti ya zamani imegoma: tumtafute mchawi kuanzia betri mpaka tairi

Wakuu habari za saa hizi. Mi nipo Tanga mjini, Ngamiani, na gari za rimoti za zamani ndo kitu nakipenda kuliko vyote, hizi za Kijapani za miaka ya 1980 ambazo huwa zinashuka na mizigo ya mitumba zimechanganyika na redio na pasi na midoli, muuzaji anaiita mdoli mbovu kumbe ni gari ya kuungwa skrubu kwa skrubu, ina difu, ina shokapu za oili, ina kila kitu. Mtaani wanajua, kwa hiyo mtu akiokota moja anakuja nayo kwangu, na karibu wote wanaanza na maneno yaleyale, "mota imekufa hii, nitafutie mota". Nafungua, napima, mota nzima.

Hili nataka niliseme mapema usije ukapoteza hela. Mota za hizi gari, nazungumzia ile 540 ya Mabuchi yenye kopo la rangi ya fedha, ni ngumu kufa. Kinachokufa ni njia ya kuifikia, yaani pini, plagi, waya, swichi, vile vibati vya kwenye spidi kontrola, yaani kifaa cha kupunguza na kuongeza mwendo, kila mahali chuma kinapogusana na chuma. Na sisi tunakaa pwani, kusi ikianza kuvuma hata bawaba za mlango wa chumbani zinashika kutu, sembuse pini nyembamba iliyokaa miaka 40 bila mtu kuigusa. Kwa hiyo utaratibu wangu ni mmoja, naanza kwenye betri nafuata umeme unakopita mpaka tairi, siruki hatua, na sinunui kitu mpaka nimempata mchawi kwa mita. Mita ya bei rahisi ya mafundi redio inatosha kabisa.

Halafu kabla hujagusa chochote iweke gari juu ya kopo au tofali, tairi zote zining'inie. Ikistuka ikaanza kuzunguka yenyewe juu ya meza itajitupa chini, na bodi ya zamani, lile ganda la nje la gari, ikipasuka hapo hutaipata dukani kesho.

Imekufa kabisa, haistuki

Betri ya asili ya hizi gari ni seli 6 za nikeli kadimiamu, kila seli volti 1.2, jumla 7.2. Kama betri imekuja na gari na haijawahi kuchajiwa tangu itoke Japani usihangaike nayo, haitarudi. Na tafadhali usiichome jalalani wala usiwape watoto wavunje, kadimiamu ni sumu, ifunge kwenye chupa uiweke pembeni mpaka upate mtu anayekusanya betri chakavu.

Ukiwa na betri nyingine usidanganywe na mita ikiwa betri haijabeba mzigo. Betri mbovu inaweza kukuonyesha volti 7.5 ikiwa imekaa tu, ukiiunga kwenye gari inaanguka mpaka 4 na hakuna kinachotembea. Mi natumia taa ya mbele ya pikipiki, balbu ya volti 12, naiunga kwenye betri huku naangalia mita. Balbu inawaka njano hafifu, sawa, volti zikibaki juu ya 7 dakika mbili tatu betri ni nzima, zikiporomoka umeshampata mchawi wako na hujafungua hata skrubu moja.

Kwenye kuchaji hapa naomba usome polepole. Chaja na adapta zinazokuja na mizigo ya Japani ni za volti 100, umeme wa kwao ndo huo. Sisi kwenye soketi tuna 230. Ukitafuta plagi ya kubadilishia miguu ukachomeka hivyohivyo, transfoma ndani inaungua na harufu yake hutaisahau, nimeshaunguza moja nzuri sana ya zamani kwa namna hii na mpaka leo sijapata nyingine. Geuza chaja usome mgongoni, ukiona imeandikwa AC100V iweke kabatini kama kumbukumbu, tafuta ya kisasa inayojizima betri ikijaa. Nyingine zinachaji kutoka betri ya volti 12, hizo zinafaa sana, unachukua umeme kwenye betri ya bajaji hata siku ambayo hakuna umeme nyumbani.

Betri ni nzima na gari bado kimya? Nenda kwenye plagi. Ile plagi kubwa nyeupe ya pini mbili ndo nimeikuta na hatia mara nyingi kuliko kitu chochote. Ndani yake kuna vibomba vidogo vya bati vinavyotakiwa vibane pini, vikilegea kidogo umeme unapita kwa tabu, panapata joto, joto linalegeza zaidi, mwisho plastiki inayeyuka. Itazame vizuri, ukiona rangi ya kahawia au umbo limejikunja hapo hapo ndipo. Kama haijayeyuka toa vibomba, vibane kwa koleo ndogo, sugua kwa msasa laini, rudisha.

Na waya. Kuna ugonjwa mmoja wa gari za zamani ambao ukiwa huujui utazunguka wiki nzima. Waya kwa nje unaonekana mzima, plastiki nyekundu safi, ukiuchuna ndani shaba imekuwa nyeusi kama imepakwa masizi. Umeme unapita kidogo, unatosha kuwasha taa lakini hautoshi kuzungusha mota, na ukitaka kuulehemu risasi haishiki, inateleza tu kama maji juu ya jani la mgomba. Usipoteze muda kuusugua. Kata kidogo kidogo urudi nyuma mpaka ukute shaba inayong'aa, na kama hukuti badilisha waya wote mwisho hadi mwisho. Hornet yangu, gari ya kampuni ya Tamiya ya Japani, ilinitesa kwa ugonjwa huu huu, nyumbani inaenda, nikifika nayo Raskazone dakika tano inazima, ikipoa inawaka tena, nikabadilisha betri, nikabadilisha swichi, kumbe ni sentimita kumi za waya mweusi karibu na plagi, ukipata joto ukinzani unapanda na gari inakata pumzi.

Swichi ipime kwa mita upande wa mlio, iwashe na kuzima mara ishirini, mara nyingine kule kuiwasha na kuizima tu kunasafisha ndani na inapona yenyewe.

Kitu cha mwisho hapa, gari za mwanzo mwanzo risiva, kile kiboksi kinachopokea amri za rimoti, ilikuwa na betri zake pembeni, betri 4 ndogo saizi ya AA. Mtu anaunga betri kubwa, gari kimya, anasema imekufa, kumbe kuna kiboksi hakijawekwa betri. Na kama ziliwekwa zikasahauliwa zitakuwa zimevuja ule unga mweupe. Ni alkali ile, kwa hiyo dawa yake ni kitu kichachu, siki au limau kwenye pamba, sugua kwa mswaki mkuukuu, inachemka kidogo, futa kwa spiriti, kausha. Vaa glavu au osha mikono haraka na usijiguse macho.

Usukani unafanya kazi, mwendo hamna au ni spidi moja tu

Hapa ndo pananinogea kuliko kote, kwa sababu hapa gari ya zamani inatofautiana kabisa na za leo.

Za leo zina spidi kontrola ya elektroniki, kiboksi kimefungwa, kikifa umenunua kingine. Za zamani ni mashine ya kuonekana kwa macho. Sevo, kile kimota chenye gia kinachotii rimoti, inasukuma mkono mdogo, mkono una kibati cha shaba chini yake, kibati kinateleza juu ya njia za bati, njia ya kwanza inapitisha umeme kwenye rezista kwa hiyo mota inapata kidogo, njia inayofuata kidogo zaidi, ya mwisho inaruka rezista kabisa mota inapata betri yote. Kwenye Hornet ni hatua tatu mbele na tatu nyuma. Ukishalielewa hilo gari inakusimulia ugonjwa wake yenyewe.

Ikiwa spidi ndogo zimekufa ila ukibonyeza mpaka mwisho inaruka kama risasi, mchawi ni rezista, imeungua au waya wake umekatika, maana ile hatua ya mwisho haiihitaji. Ipime kwa mita, rezista nzima ukinzani wake ni mdogo sana, mita inakaribia kusoma sifuri, ikisoma njia imekatika basi imekwenda. Ikiwa spidi ndogo zipo ila ya mwisho hamna, kibati hakifiki kwenye njia ya mwisho, rekebisha kifimbo cha kutoka kwenye sevo, kirefushe au kifupishe kwa kuzungusha. Ikiwa inaenda mbele nyuma hairudi, angalia upande ule wa njia utakuta umefanya weusi. Na ikiwa inaenda inakata inaenda inakata kila ikiruka tuta, springi inayobana kibati imechoka.

Kusafisha ni hivi. Fungua mkono, futa grisi ya zamani yote na spiriti, chukua kifutio cha penseli cha wanafunzi sugua njia za bati mpaka zing'ae, kama weusi ni mzito tumia msasa namba 1000 au laini kuliko huo, usitumie msasa wa mbao utachimba mifereji na kibati kitakuwa kinakwama humo. Paka mafuta membamba kiasi cha kufifisha mng'ao tu. Ukijaza grisi ya kawaida utaharibu, inakusanya mchanga na inaungua nyeusi.

Rezista yenyewe inapata moto mkali ikifanya kazi, ule umeme usiofika kwenye mota unageuka joto pale. Ndo maana wenyewe waliiweka sehemu yenye upepo. Kwa hiyo usiendeshe gari muda mrefu kwenye spidi ya kwanza kuonyesha watoto taratibu, na usiiguse kwa kidole, na waya yoyote isiilalie. Nimewahi kuletewa Frog, gari nyingine ya Tamiya, ambayo bodi yake imetoboka kwa ndani, rezista ilifungwa kwa utepe karibu na bodi.

Kuna watu wanang'oa mfumo huu wote wanaweka ya elektroniki siku ya kwanza. Siwazuii, gari inakuwa laini kuendesha na betri inakaa zaidi, hakuna umeme unaopotea kwenye rezista. Ila naomba moja, usiutupe. Uweke kwenye mfuko na skrubu zake, andika ni wa gari gani. Mtu anayekusanya anauthamini huo kuliko mota mpya.

Inatetemeka, inageuka yenyewe, au imekimbia na rimoti haisikii

Hili ni la kuogopa kidogo kwa hiyo usiliahirishe. Ile sevo ya zamani ikipoteza umeme haijirudishi katikati, inabaki palepale ilipokuwa. Sasa fikiria umebonyeza mwendo wote, betri 4 za risiva zikaisha hapo hapo, betri kubwa bado imejaa. Mkono umebaki kwenye spidi ya mwisho na hakuna kitu cha kuurudisha. Gari itakwenda mpaka igonge. Kwa hiyo kwenye gari zenye betri mbili, ya risiva weka mpya kila unapotoka kucheza, na usichezee karibu na barabara hata siku moja.

Kutetemeka kuna vyanzo vingi ila nakupa kwa mpangilio ninaoufuata mimi. Kwanza betri za rimoti, zile 8 kwa pamoja ni volti 12, zikichoka umbali unapungua na sevo zinaanza kucheza. Ukiweka za kuchaji kumbuka ni volti 1.2 kila moja, jumla 9.6, rimoti nyingine inakubali nyingine inalalamika.

Pili antena. Watu wanakata ule waya wa risiva kwa sababu ni mrefu unaburuza. Usiukate, urefu wake umepimwa kwa masafa, ukate na umbali umeukata pia. Usiuviringe kwenye mota wala usiupitishe kando ya waya za betri, upandishe kwenye mrija wake. Na antena ya rimoti ivute yote.

Tatu kapasita za kwenye mota. Angalia mgongo wa mota, unatakiwa kuona vidonge vidogo vya kauri, mara nyingi vimeandikwa 104, hiyo ni maikrofaradi 0.1. Kimoja kati ya miguu miwili, na kimoja kimoja kutoka kila mguu kwenda kwenye kopo. Brashi za mota zinatoa cheche na cheche ni kelele ya redio, kapasita zinaimeza ile kelele. Mtu akibadilisha mota akasahau kuvilehemu gari inakuwa na kifafa, na kwenye redio za zamani za megahezi 27 hilo halivumiliki kabisa. Fundi redio yeyote anavyo, ni hela ndogo sana, na kopo la mota likwangue kwa msasa kwanza risasi ipate kushika.

Nne kristali. Redio za zamani zinatumia jozi ya kristali, vipande vinavyopanga masafa, moja kwenye rimoti moja kwenye risiva, na hazifanani, ya risiva iko chini kwa kilohezi 455. Mfano rimoti ya 27.145 risiva yake ni 26.690. Mtu akizitoa kusafisha akazirudisha kinyume, kila kitu kina umeme na hakuna kinachotii. Soma maandishi juu yake na lenzi, Tx ni ya rimoti na Rx ni ya risiva. Na kristali ni kipande cha kwazi ndani ya kibati, ikidondoka sakafuni inaweza kupasuka bila kuonyesha alama yoyote nje. Kama mko wawili mnacheza Mkwakwani au ufukweni hakikisheni hamna kristali za namba moja, mtagombania gari bila kujua.

Tano sevo yenyewe. Kama inatetemeka sehemu moja tu ya mzunguko, tuseme katikati, ule ukanda wa ndani unaosoma nafasi umechafuka au umechubuka hapo. Ukisikia inazunguka ndani lakini mkono hauendi, gia imevunja jino.

Ukichoka na yote hayo weka redio ya gigahezi 2.4, haina kristali, antena yake ni fupi, na nyingi unaziwekea kabisa kwamba mawasiliano yakikatika zirudishe mwendo sifuri. Kwa gari unayoikimbiza mi nakushauri ufanye hivyo. Ila ukichomeka sevo ya zamani kwenye risiva mpya tazama mpangilio wa waya kwanza. Siku hizi chanya inakaa katikati, zamani si kampuni zote zilikuwa hivyo, ukichomeka kwa kuamini tu utaunguza kimojawapo.

Mota inachemka, betri inaisha haraka

Usiilaumu mota bado. Ifungue kutoka kwenye giaboksi, iunge na betri ikiwa peke yake. Ikizunguka laini na haichemki basi tatizo liko mbele yake, kuna kitu kinaizuia. Zungusha tairi za nyuma kwa mkono mota ikiwa nje, zinatakiwa ziendelee kidogo ukiachia. Zikisimama papo hapo una bushi zilizokwisha.

Gari nyingi za bei ya kawaida zilitoka kiwandani na bushi za plastiki badala ya beringi. Kwenye mchanga wa Raskazone zile hazina maisha, mchanga unaingia, unakuwa msasa, tundu linakuwa na umbo la yai, ekseli inayumba na gia zinakaa vibaya. Hapa ndo pa kutumia hela yako ya kwanza, kabla ya mota, kabla ya rangi, kabla ya kitu chochote. Saizi zinazotumika sana ni 1150, yaani nje milimita 11 ndani 5 upana 4, na 850 ambayo ni 8 kwa 5 kwa 2.5. Chukua za kufungwa pande zote, zile za wazi kwa pwani hazifai.

Ikiwa mota yenyewe ndo inachemka ikiwa peke yake, puliza vumbi la kaboni, weka tone moja la mafuta membamba kila upande kwenye shafti, sio matone matano, mafuta yakifika kwenye brashi yanatengeneza tope. Ile 540 ya kopo lililofungwa haifunguki kwa amani, brashi zikiisha imeisha.

Na mtu akiongeza ukubwa wa pinioni, ile gia ndogo ya kwenye shafti ya mota, ili gari ikimbie asishangae joto. Spidi ya juu inapanda lakini mota inasukuma mzigo mkubwa kila inapoanza, kwenye mchanga laini ndo balaa. Kwa ufukweni mi narudi pinioni ndogo.

Wenye betri za lipo, yaani lithiamu polima, za seli mbili: ikijaa ni volti 8.4, sio 7.2, kwa hiyo gia za zamani zinapigwa zaidi, na spidi kontrola ya zamani haijui kukata umeme betri ikishuka. Seli ikienda chini ya volti 3 inaanza kuharibika na inaweza kuvimba. Weka alamu ndogo ya kupiga kelele au baki na NiMH, yaani nikeli metali haidraidi, mi kwenye gari za kukusanya nabaki na NiMH.

Inakwaruza, inapiga tak tak, mota inalia gari haiendi

Mlio mkali mwembamba ni pinioni imekaa mbali au karibu mno na gia kubwa. Kwenye gari zinazoruhusu kusogeza mota, kama RC10 ya Marekani ya 1984, weka kipande cha karatasi ya daftari kati ya gia, sukuma mota ibane, kaza, zungusha karatasi itoke. Kwenye Hornet na Grasshopper, zote za Tamiya, mota ina matundu yake maalumu kwa hiyo mlio ukizidi tazama bushi na meno.

Tak tak ya mdundo ni jino moja limevunjika au kijiwe kimekwama, fungua giaboksi, osha gia zote kwa maji ya sabuni, kausha, grisi kidogo. Mota inalia na gari imesimama, skrubu ndogo ya pinioni imelegea, ikazie upande wa shafti uliokatwa bapa.

Frog ya 1983 ina lake peke yake, na ndugu zake Brat, Blackfoot na Monster Beetle wanalo pia. Shafti zinazopeleka nguvu kwenye tairi zina vichwa vya pembe sita vinavyokaa ndani ya kikombe, zile pembe zikilika shafti inazunguka bure ndani yake, unasikia krrr na tairi haina nguvu. Hakuna dawa ya gundi hapo, badilisha shafti na kikombe chake pamoja, ukibadilisha kimoja kile cha zamani kinakula kipya.

Optima ya Kyosho ya 1985 inatumia mnyororo mdogo kama wa baiskeli kupeleka nguvu mbele, ukilegea unaruka meno, ukikazwa sana unakula mota. Uache ucheze kidogo kwa kidole.

Vya haraka haraka

Shokapu inavuja: ringi ya mpira imekauka, ibadilishe, jaza oili ya silikoni. Oili ya injini inavimbisha mipira, achana nayo.

Skrubu inachezea tundu kwenye plastiki: dondosha supa gluu kidogo ndani ya tundu, acha ikauke kabisa mpaka kesho, sio dakika kumi, halafu rudisha skrubu taratibu itachonga njia yake. Skrubu imeliwa kichwa: nyingi hizi ni za Kijapani na msalaba wake sio sawasawa na wa bisibisi nyota ya kawaida, nyota inapanda na kuteleza. Tafuta bisibisi yenye kiwango cha JIS, yaani kiwango cha viwanda vya Japani, utashangaa skrubu za miaka 40 zinavyofunguka bila ugomvi.

Bodi ya polikaboneti, ile laini ya kupinda kama ya Hornet, imepasuka: toboa kitundu kidogo mwisho wa ufa usiendelee, kwa ndani bandika kipande cha chandarua na gundi ya viatu. Usiiguse na tina wala petroli, inapasuka kama kioo. Bodi hii inapakwa rangi kwa ndani, bodi ngumu kama ya Grasshopper inapakwa kwa nje, na rangi zake ni tofauti, ukikosea inamenyuka yote.

Ni ya asili au imerudiwa

Tamiya wamezitoa upya nyingi za zamani kwa hiyo anayeuza anaweza asijue, na ukilipa bei ya asili kwa ya kurudiwa utaumia. Kama boksi au kitabu kipo angalia namba. Hornet ya 1984 ni 58045, iliyorudi 2004 ni 58336. Frog ya zamani 58041, mpya 58354. Sand Scorcher ya 1979 ni 58016, iliyorudi 2010 ni 58452. Lunch Box ya 1987 ni 58063 na iliyorudi ni 58347. Kurudiwa sio kosa, mi nafurahi sana zimerudi, maana vipuri vyake vingi vinaingia kwenye za zamani na ndo vinavyozifanya zetu ziendelee kutembea. Ila kitu cha asili ukikitoa kitunze, usikitupe.

Ukirudi kutoka baharini

Usiiweke kabatini na mchanga wake. Toa betri, toa bodi, tairi na mikono zifute kwa kitambaa kilicholowa maji ya bomba, mara mbili mara tatu mpaka chumvi itoke, usimwage maji kwenye risiva wala sevo. Hata Sand Scorcher yenye boksi lake la kuzuia maji lifungue, unyevu ukiingia mle haupati pa kutokea na asubuhi utakuta matone ndani. Acha ikauke kivulini penye upepo, jua la moja kwa moja linageuza bodi nyeupe kuwa njano. Skrubu zipake mafuta kwa brashi ya rangi ndogo. Halafu iweke juu ya kibao tairi zining'inie, zisilale juu ya plastiki yoyote, mpira wa zamani ukigusa plastiki miezi kadhaa unaiyeyusha na alama yake haitoki. Betri za rimoti nazo zitoe, zote 8, leo hii hii kabla hujafunga kabati.